Paa la vigae la nyumba ya mama limeota ukungu: lioshwe kwa mashine ya presha?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi naishi Dar es Salaam, nyumbani ni Marangu. Nyumba ya mama aliijenga babu na imeezekwa vigae vya udongo. Upande mmoja wa paa umejaa majani laini ya kijani, kwingine kuna mabaka meupe na ya manjano, na kwenye gata kumeota mti. Fundi aliyekuja kuangalia anasema ukungu unakula vigae na paa litashuka. Anataka kuliosha kwa mashine ya presha, amwage jiki, kisha apake rangi ya kuzuia maji, pamoja na paa la stoo ya nyuma. Anasema pia tukate mparachichi ulio karibu na nyumba. Mama hataki hata kusikia. Maji ya kunywa ya mama ni ya mvua, yanatoka paani kwenda kwenye simtanki. Nimetuma picha tatu. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kabla hujasoma zaidi, mpigie huyo fundi umwambie asiiguse stoo. Ya nyumba kubwa yanaweza kusubiri hata mwezi, ya stoo hayasubiri.

Nimeikuza picha yako ya tatu. Paa la stoo si vigae na si bati. Ni shiti za kijivu zenye mawimbi makubwa, nene, kingo zimelika, na juu zimeota kuliko hata nyumba yenyewe. Shiti za namna hiyo ni za saruji, na zile za zamani nyingi zilitiwa nyuzi za asbesto ili zisipasuke. Kwa picha siwezi kuapa. Kuthibitisha ni kazi ya maabara. Lakini kwa umri wa nyumba yenu mimi ningeichukulia kuwa ni asbesto mpaka nionyeshwe vinginevyo. Shiti ikiwa nzima na haijaguswa, nyuzi zimekaa ndani ya saruji. Ukiisugua, ukiikwangua, ukiipiga maji ya presha au ukiivunja, nyuzi zinatoka. Ni ndogo mno kuonekana, zinaingia mapafuni na hazitoki. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani, na ugonjwa wenyewe hujitokeza miaka mingi baadaye, wakati hakuna anayekumbuka tena nani aliosha paa la nani. Na usidhani kwa kuwa mashine inatumia maji basi vumbi halipo. Maji yanatapakaza tope lenye nyuzi ukutani, uani na kwenye migomba. Likikauka linakuwa vumbi la kufagiliwa na mama kila asubuhi.

Kwa hiyo stoo muiache na ukungu wake. Watoto wasipande juu, mtu asitoboe msumari mpya, na gata yake muitenge na simtanki. Siku mkitaka kuiezua, waulizeni kwanza NEMC, baraza la taifa la mazingira, utaratibu wa kuondoa na mahali pa kupeleka hayo masalia. Msimpe kijana na nyundo. Na nyundo yenyewe si hatari pekee: shiti kuukuu haibebi mtu, anapita nayo hadi chini.

Sasa tuje kwenye nyumba.

Shida ya kwanza ni hilo neno “ukungu”. Sisi mafundi kila kinachoota juu ya paa tunakiita ukungu, na kwa kuwa jina ni moja tunatoa dawa moja. Kwenye picha zako mimi naona vitu vinne. Kuna utando, ule weusi-weusi na ukijani unaoteleza kama ukoga wa mtungi; huo ni mwani mdogo sana, hauna mizizi, hauli kigae, unachafua tu. Kuna yale majani laini yaliyofumana, ambayo nitayaita zulia kwa sababu ndivyo yalivyo na ndivyo yanavyofanya kazi: yananyonya maji na kuyashikilia. Kuna mabaka meupe na ya manjano yaliyoganda kama rangi iliyomwagika. Hayo ni kuvu na mwani walioamua kuishi pamoja, mmoja anajenga nyumba, mwingine anapika. Halafu kuna miche, kama huo ulio kwenye gata. Katika hivyo vinne, cha kukunyima usingizi ni huo mti, kisha zulia. Utando na mabaka ni umri, kama mvi.

Je, zulia linakula kigae? Halili. Halina hata mizizi ya kweli, lina vinyuzi vya kujishikizia tu, na chakula chake linajitengenezea kwa jua na mvua. Madhara yake ni ya njia nyingine. Kigae cha udongo kimetengenezwa kiwe na mifereji: mvua inashuka kigae hadi kigae, na pale kimoja kinapolalia kingine kuna mwanya mdogo wa hewa ambao maji hayauvuki. Zulia likikaa kwenye mfereji, maji yanakosa njia yanapanda pembeni. Likijipenyeza kwenye ule mwanya, linakuwa utambi kama wa koroboi: maji yanafyonzwa kurudi nyuma, yanavuka mwanya, yanadondokea kwenye papi, zile mbao nyembamba zinazobeba vigae. Papi ikilowa mwezi baada ya mwezi inaoza, misumari inashika kutu, kigae kinateleza. Kwa hiyo mwenzangu aliposema paa litashuka hakudanganya moja kwa moja. Ameruka hatua tano za katikati. Hizo hatua tano ndizo unazotakiwa kuzikagua kabla ya kutoa hata shilingi.

Ukaguzi wenyewe ni wa bure. Siku ya mvua, mtu mwepesi apande ndani ya dari na tochi, akanyage juu ya mbao za kenchi na si siling bodi. Aangalie upande wa chini wa vigae na papi zilizo chini ya sehemu yenye zulia. Papi kavu yenye rangi moja ni nzima. Papi yenye michirizi myeusi imewahi kulowa. Achomeke bisibisi: ikigoma, ubao uko salama, ikizama kama kwenye ndizi mbivu, hiyo papi ibadilishwe, na hapo mna kazi ya fundi seremala, si ya muosha paa. Akiwa huko huko agonge vigae kwa kifundo cha kidole. Kigae kizima kinalia kama kikombe, chenye ufa au kilichokufa kinatoa sauti ya ubao. Nimeona mapaa yaliyofunikwa kijani kibichi nje, ndani papi kavu kama siku zilipopigwa msumari. Na nimeona kinyume chake, paa safi linalong'aa limeoza ndani, kwa sababu lilioshwa.

Hilo la mwisho nalijua kwa mikono yangu. Ujana wangu nilipata kazi ya nyumba ya wageni kule Lushoto, vigae vya zamani, zulia la kutosha kulalia. Nilikodi mashine ya kuoshea magari, nikapanda juu kwa fahari. Paa lilitoka jekundu kama jipya na mwenye nyumba alinipiga picha. Saa mbili baadaye siling bodi za vyumba viwili zilikuwa sakafuni. Mvua inatoka juu kwenda chini na kigae kimetengenezwa kwa ajili hiyo. Mimi nilikuwa nasukuma maji kutoka chini kwenda juu, chini ya kila kigae, kwa nguvu ambayo mvua haina. Halafu ule udongo wa juu wa kigae, uliochomwa ukakaza, mashine iliukwaruza. Kigae kikabaki na uso wenye vinyweleo, na uso wa namna hiyo ndio zulia linaoutafuta. Baada ya masika mbili lilikuwa limerudi, nene zaidi. Chokaa ya kwenye kofia za mgongo wa paa nayo ilipukutika. Kwa hiyo mashine ya presha kwenye vigae vya udongo vya umri huo: hapana. Hata akikuambia ataipunguza nguvu.

Sasa kwa nini upande mmoja tu? Hukusema ni upande gani, ila kwenye picha ya kwanza mlima unaonekana nyuma ya paa, maana yake ulisimama kusini mwa nyumba. Basi upande uliojaa ni wa kusini. Watu wa Ulaya wana kanuni yao kwamba kijani huota upande wa kaskazini, na kuna mafundi wanaoikariri huku kwetu bila kutazama juu. Sisi tuko karibu na ikweta, Marangu ni kama digrii 3 tu kusini yake, na jua linatuzunguka pande zote mbili kwa mwaka. Desemba saa sita mchana liko kusini kwetu. Juni liko kaskazini, kama digrii 27 kutoka utosini. Sasa ulinganishe na mvua. Masika inamwagika Machi hadi Mei, kila kitu kinalowa, halafu Juni hadi Agosti inakuja ile baridi yenu ya mawingu, na wakati huo huo jua limehamia kaskazini. Mteremko wa kusini unatoka kwenye masika ukiwa umeloa na unakaa karibu miezi mitatu ukipata jua la kuchungulia tu. Ongeza mparachichi uliosimama upande huo huo, na migomba inayotoa unyevunyevu chini. Paa halipati nafasi ya kukauka, na zulia halihitaji kingine.

Ndiyo maana nasema kuosha peke yake ni kufuta sakafu huku bomba liko wazi. Kazi ya kwanza ni kulipa paa jua na upepo. Lakini mama yuko sahihi: mparachichi usikatwe. Unahitaji kupogolewa. Matawi yanayoning'inia juu ya paa yaondoke, yaliyo karibu yarudishwe nyuma mita mbili au tatu, na katikati ya mti papunguzwe ili mwanga upite. Majani yake mapana ndiyo yanayolala kwenye mabonde ya paa na gata, yanaoza, yanageuka udongo, na ndege wanashusha mbegu humo. Huo mti wenu wa kwenye gata, kwa majani yake ninavyoyaona, ni jamii ya mkuyu. Mbegu zake ni kama punje za mchanga. Ndege na popo wanakula tunda na kuziacha popote. Mizizi yake haina adabu: inatafuta ufa, inaingia, inanenepa humo humo, inanyanyua vigae na kupasua ukuta. Msiung'oe kwa kuuvuta kama ndoo kisimani, mtatoka na vigae. Ukatwe chini kabisa, mizizi iliyo wazi itolewe taratibu, na kichipukizi kila kikitokea kikatwe. Mti usiokuwa na jani hata moja hatimaye huchoka.

Kuondoa zulia ni kazi ya mkono, na ya kiangazi. Mngoje Septemba, au Januari na Februari kabla ya masika, baada ya siku kadhaa za jua. Likikauka linabanduka vipande vipande kama ukoko wa ugali. Likiwa bichi linapakaa. Fundi akate kipande cha mwanzi au ubao mwembamba, akichonge ncha ifanane na mfereji wa kigae, akwangue kutoka mgongo wa paa kushuka chini. Asikwangue kwenda juu, maana atachokonoa vigae na kusukuma uchafu kwenye ule mwanya. Kisha brashi ya plastiki au ufagio mgumu. Brashi ya waya hapana: inaacha vinyuzi vya chuma vinavyoshika kutu na kuacha madoa. Asitembee juu ya vigae kama anatembea barabarani. Alaze ngazi yenye kulabu iliyoshika mgongo wa paa, ili uzito ugawanyike, na yeye mwenyewe ajifunge kamba kwenye kitu kisichong'oka. Nasisitiza kamba kwa sababu utando ukipata umande unateleza kuliko sabuni, na nimezika mwenzangu mmoja wa kazi. Gata zizibuliwe mwisho, si mwanzo, maana zitajaa tena.

Mabaka muyaache. Kuvu wake hutoa tindikali kidogo inayochora uso wa kigae, ni kweli, lakini yanakua polepole sana, milimita chache kwa mwaka, na yameshika hivi kwamba ukiyabandua yanaondoka na ngozi ya kigae.

Tuje kwenye dawa. Wazee wa Marangu watakupendekezea mrututu, ile chumvi ya bluu ya shaba, maana wameupulizia kwenye kahawa tangu utoto na wanajua unaua kuvu. Ni kweli unaua, na zulia pia linaukimbia. Lakini mvua ikiusuuza unapita kwenye gata zenu za bati, na shaba iliyoyeyuka ikikutana na zinki iliyopakwa kwenye bati inaivua zinki na kubaki yenyewe. Gata inatoboka kabla ya wakati. Na mwisho wa safari yake ni simtanki la mama. Jiki nayo inaua utando na zulia vizuri tu, na juani inaisha nguvu haraka, ila nayo inatafuna gata, misumari na mimea iliyo chini. Mimi kwenye paa linalovuna maji ya kunywa siweki dawa yoyote. Nakwangua, nafagia, naondoka. Zulia litarudi kidogo kidogo, na ufagio wa kila Septemba utalimaliza likiwa bado changa.

Kama mtashindwa kujizuia na mtatumia jiki sehemu ndogo iliyoshindikana, basi kopo moja la jiki ya kawaida kwa makopo matatu ya maji, ipakwe kwa brashi na si kupuliziwa upepo, ikae robo saa, isuuzwe kwa maji mengi ya ndoo. Bomba la kuingia kwenye simtanki litolewe kabla ya kuanza, na lisirudishwe mpaka mvua kubwa mbili zipite. Migomba na maua yamwagiwe maji kwanza na baadaye. Na mtu yeyote asichanganye jiki na dawa ya kuoshea choo ili “iwe kali”: ile tindikali inaitoa klorini kama gesi, na juu ya ngazi hakuna pa kukimbilia.

Hata bila dawa, bomba hilo litolewe siku za kukwangua, na mvua ya kwanza baada ya kazi iachwe iende shambani. Kwa kweli mngefanya hivyo kila msimu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa lenu kwa kukadiria ni mita za mraba 120, kwa hiyo milimita ya kwanza ni lita 120, na ndiyo inayobeba kinyesi cha ndege, vumbi na majani. Pipa la lita 200 pembeni, lenye koki ndogo ya kulimaliza maji taratibu, linapokea hizo kwanza. Likijaa ndipo maji yanapita kwenda kwenye simtanki. Hilo ningelinunua kabla ya rangi.

Rangi ndiyo sehemu ya makadirio ya fundi ninayoipinga kabisa. Kigae cha udongo kinapumua: kinanyonya unyevu kidogo na kuutoa jua likiwaka. Ukikipaka rangi ya kuzuia maji kikiwa na umri huo, maji bado yataingia kwa chini na kwenye nyufa, ila sasa hayana pa kutokea. Rangi inavimba, inabanduka kama ngozi iliyoungua, na safari hii kukwangua ni kazi mara mbili. Fedha hiyo inunue vigae vya kubadilisha vilivyopasuka. Vya zamani vya aina yenu mnaweza kupata kwa wanaobomoa majengo. Peleka kimoja mkono kwa mkono kama sampuli, kwa sababu vigae vya viwanda tofauti havilaliani hata vikifanana kwa macho. Vingi vya pwani, kwa mfano, ni vya Mangalore, India, ambako wamisionari wa Basel walifungua kiwanda mwaka 1865, na bado unaweza kusoma jina la kiwanda kwa nyuma. Geuza chenu uone kimeandikwa nini.

Wenye bati la msauzi wanaosoma hapa wasichukue ushauri wa vigae wakaupeleka kwao. Bati lisikwanguliwe kwa mwanzi wala kugusana na jiki. Maji, sabuni ya kawaida na brashi laini vinatosha, na cha muhimu ni kuondoa majani yaliyolala, kwa sababu bati linaoza pale linapofunikwa na kitu chenye unyevu.

Kwa hiyo, mwanangu, mwite mtu apande darini na bisibisi mvua inayofuata, unitumie picha za papi. Tukishaziona ndipo tutajua kama unahitaji seremala au ufagio. Wa kupogoa mparachichi anaweza kuja hata kesho, mama akiwa amesimama chini akionyesha tawi lipi liondoke na lipi libaki.